Kidhibiti kipi cha gemu kimfae mchezaji mwenye ulemavu: Xbox Adaptive Controller, Access, Lite SE au QuadStick?

Mpwa wangu ana umri wa miaka 14 na ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Alipokuwa mdogo, kila kaka zake walipowasha PlayStation sebuleni, naye alipewa padi mkononi, ila waya wake haukuchomekwa popote. Alikuwa na miaka minane alipoufuata waya ule kwa macho mpaka mwisho wake, chini ya meza. Hakulia. Aliiachia padi ikaanguka, akaomba kitimwendo chake kigeuzwe kielekee dirishani. Waliofanya hivyo walimpenda na walidhani wanamfurahisha, lakini mtoto alitaka jambo moja tu, kwamba akibonyeza, kitu kitokee.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizia, nikiagiza, nikifunga na kufungua vidhibiti vilivyoundwa kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu, kwanza kwa ajili yake na baadaye kwa ajili ya familia nyingine zilizosikia habari zetu. Swali ninaloulizwa zaidi ni lile la "kipi bora?", na kila mara nalazimika kulijibu kwa maswali mengine, kwa sababu kifaa kinachomfungulia mlango mtu mmoja huwa ni ukuta kwa mwingine. Hapa nalinganisha vinne vinavyotofautiana sana: Xbox Adaptive Controller ya Microsoft, Access ya Sony, Lite SE ya kampuni ya 8BitDo, na QuadStick inayoendeshwa kwa mdomo.

Vigezo kabla ya vifaa

Kigezo cha kwanza ni mwendo wa mwili, na kinapaswa kuchunguzwa kabla hata ya kuangalia bei. Mketishe mchezaji mahali anapokaa siku zote, kisha tafuta mwendo ambao anaweza kuufanya kwa hiari yake mara ishirini bila maumivu, bila mwili mzima kukakamaa, na ambao anaweza kuuacha pale anapotaka. Hilo la mwisho wengi wetu hulisahau. Kubonyeza ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuachia. Mpwa wangu hubonyeza vizuri kwa ngumi ya kulia, lakini misuli ikikaza, ngumi hubaki juu ya kitufe na mchezaji wake uwanjani hukimbia mpaka nje ya mstari. Goti la kushoto, ambalo hakuna aliyelifikiria, husogea pembeni na kurudi bila shida yoyote. Tuliligundua siku alipokuwa akiligonga kwenye mguu wa meza kwa kufuata mdundo wa wimbo redioni. Kama yupo mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayemhudumia mgonjwa wenu, saa moja ya kukaa naye kwa uchunguzi huu ina thamani kuliko kifaa chochote nitakachokitaja.

Kigezo cha pili ni mashine iliyopo nyumbani, maana vidhibiti hivi havizungumzi na kila mashine. Cha tatu ni idadi ya amri ambazo gemu yenyewe inazihitaji: padi ya kawaida ina vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi, lakini si kila gemu inavitaka vyote. Gemu za mpira za FIFA, ambazo sasa huitwa EA Sports FC, zina mpangilio wa vitufe viwili unaoiachia mashine kuamua mambo mengi yaliyobaki. Cha nne ni uwezo wa kuongezewa swichi, yaani vitufe vya pekee vinavyochomekwa kwa waya, na vijiti vya nje. Cha tano ni mahali kifaa kitakapokaa, cha sita ni gharama yote kwa pamoja, na cha saba ni nani atakayekipanga na kukirekebisha mchezaji anapobadilika, kwa sababu atabadilika.

Kabla ya kununua chochote, ingieni kwanza kwenye mipangilio ya mashine mliyo nayo. PlayStation 4 iliruhusu vitufe kuhamishwa kazi tangu mwaka 2015, na Nintendo Switch tangu Aprili 2020. Xbox ilileta mwaka 2017 utaratibu wa padi mbili kufanya kazi kama moja, ili watu wawili wamwendeshe mchezaji mmoja, na PlayStation 5 ikaufuata mwaka 2023. Najua familia mbili ambazo safari yao iliishia hapo: mtoto anashika kijiti, dada yake anabonyeza vitufe vichache vilivyobaki, na hawakuhitaji kuagiza kitu.

Vifaa vyenyewe kwa ufupi

Xbox Adaptive Controller ilianza kuuzwa Septemba 2018 kwa dola 99.99. Ni ubao mweupe mwembamba, urefu wake kama sentimita 29 na upana 13, wenye vitufe viwili vikubwa vya mviringo ambavyo kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kisahani cha kikombe cha chai. Nyuma yake kuna matundu 19 ya aina ile ile ya hedifoni, na pembeni matundu mawili ya USB. Microsoft waliiunda wakishauriana na mashirika yanayowahudumia wachezaji wenye ulemavu, yakiwemo AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza, pamoja na Craig Hospital ya Colorado inayotibu majeraha ya uti wa mgongo na ubongo. Hata boksi lake lilifikiriwa: lina vitanzi vya kuvutia ili mtu asiyeweza kutumia vidole alifungue mwenyewe.

Access ilitoka tarehe 6 Desemba 2023 kwa dola 89.99. Ni sahani ya duara yenye vitufe vinane pembezoni na kimoja katikati, na kijiti kimoja kilichochomoza ubavuni ambacho unaweza kukisogeza mbali au karibu. Ndani ya boksi kuna vifuniko 19 vya vitufe vya maumbo mbalimbali, bapa, vilivyopinda, vya kuning'inia kuelekea katikati, na kimoja kipana kinachofunika vitufe viwili kwa pamoja, pamoja na vichwa vitatu vya kijiti.

Lite SE ilitoka mwaka 2022 kwa dola 34.99. Ilizaliwa baada ya baba mmoja kuiandikia 8BitDo kuhusu mwanawe mwenye ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Ni padi ndogo, bapa, ambayo vitufe vyote, hata vile ambavyo kwa kawaida hukaa mgongoni mwa padi, vimeletwa juu.

QuadStick ni kazi ya Fred Davison wa Marekani, na wazo lenyewe lina historia ndefu. Nintendo waliuza kidhibiti cha kutumia bila mikono mwaka 1989, na mhandisi Ken Yankelevitz aliwaundia watu waliopooza vidhibiti vya mdomoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchezaji husogeza kijiti kwa mdomo, hupuliza au kuvuta hewa katika matundu ya kinywa cha kifaa, na kihisi husoma anavyosogeza mdomo. Sauti nayo inaweza kutumika kutoa amri kupitia kompyuta.

Mwili: nguvu, upana wa mwendo na kuachia

Xbox Adaptive Controller inawafaa watu wenye mwendo mpana usio na usahihi mwingi: ngumi, kiwiko, kisigino, upande wa kichwa. Vile vitufe viwili vikubwa hupokea pigo lisilolenga sawasawa. Lakini nguvu yake halisi iko katika ukweli kwamba mwili wa mchezaji unaweza kusambazwa kama anavyoweza yeye, swichi moja gotini, nyingine kando ya shavu, kijiti chini ya mkono wa kushoto, na ubao wenyewe ukiwa umewekwa chini ya meza bila kuguswa kabisa. Upungufu wake ni kwamba haina kijiti hata kimoja. Anayeinunua bila kujua hilo hufungua boksi na kukuta hawezi kumtembeza mchezaji kwa namna gemu nyingi zinavyotaka.

Access inataka mkono ulio mahali pamoja. Mtu ambaye kiganja chake kinaweza kukaa juu ya sahani na vidole au sehemu ya kiganja kufika pembezoni atapata kila kitu karibu, na kifaa kinaweza kugeuzwa kielekee upande wowote ili kijiti kiwe kule ambako mkono unafika. Vitufe vimepakana, kwa hiyo mkono unaotetemeka hugusa vya jirani, lakini unaweza kuvizima vile usivyovihitaji. Unaweza pia kukiamuru kitufe kibaki kimebonyezwa kwa mguso mmoja na kuachia kwa mguso wa pili. Kwa yule ambaye tatizo lake ni kushikilia kitufe kwa muda mrefu, uwezo huo peke yake unaweza kuwa sababu ya kuichagua. Jambo lililonisikitisha ni kwamba kubadilisha vifuniko kunahitaji vidole vyenye uwezo, hivyo mchezaji mwenyewe mara nyingi atamtegemea mtu mwingine.

Lite SE iko upande wa pili kabisa. Ni ya mtu ambaye vidole vyake ni sahihi lakini havina nguvu, kama wenye magonjwa ya kudhoofika kwa misuli. Vitufe vyake ni vyepesi, vijiti havihitaji kusukumwa kwa nguvu, na hulala mezani au mapajani bila kushikwa. Mpwa wangu aliijaribu kwa dakika tano tu. Kila mkono wake ulipokaza, ulibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kifaa hicho hakina kosa, ila kiliundwa kwa mwili usio wake. Msichana mmoja wa jirani, ambaye misuli yake hudhoofika mwaka hadi mwaka, aliishika padi hiyo hiyo akacheza mpaka mama yake akamwita mara ya tatu kula.

QuadStick ni ya aliyepooza kuanzia shingoni au ambaye mikono na miguu yake haitegemeki kabisa. Inataka shingo yenye mwendo kidogo, midomo inayoweza kubana bila kuvujisha hewa, na subira ya wiki kadhaa za kujifunza kupuliza kwa mashavu badala ya mapafu ili usichoke. Wasioweza kuidhibiti midomo au mate, na wapo wengi miongoni mwa wenye mtindio wa ubongo, watapata shida nayo. Kwa wanaoiweza, hakuna kingine kati ya hivi vinne kinachowapa vijiti na vitufe vyote kwa pamoja bila mkono wala mguu. Rocky Stoutenburgh wa Marekani, aliyepooza kuanzia shingoni, aliitumia kucheza gemu ya Fortnite mpaka jina lake likaingia katika rekodi za Guinness.

Mashine

Hapa ndipo uamuzi wa watu wengi wa kwetu unapokatika, na ni bora ukatike mapema kabla hela haijatumwa. Access hufanya kazi na PlayStation 5. Sony hawakuiunda kwa ajili ya PlayStation 4. Katika nyumba na vibanda vya gemu ninavyovifahamu pwani hii, mashine nyingi ni PS3 na PS4 zilizonunuliwa zimeshatumika, na nimewahi kumzuia mzazi mmoja dakika ya mwisho asiagize kifaa ambacho kingefika na kukaa kabatini.

Xbox Adaptive Controller hufanya kazi na Xbox One, Xbox Series X na S, na kompyuta za Windows, na tangu mwaka 2020 simu na tableti za Apple nazo zinaitambua. Kompyuta ndiyo njia ninayoipendekeza mara nyingi, kwa kuwa kompyuta mpakato iliyotumika hupatikana kirahisi, na kidhibiti hiki hutambuliwa na gemu nyingi za kompyuta kama padi ya kawaida ya Xbox. Lite SE huungana na Nintendo Switch, simu za Android na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa hiyo familia isiyo na mashine ya gemu lakini yenye simu inaweza kuanza nayo. QuadStick huungana moja kwa moja na kompyuta, Android, Switch na PS3, na kwingine huhitaji adapta, yaani kifaa cha kati cha kuiunganisha na mashine isiyoitambua.

Kuhusu adapta natoa tahadhari. Novemba 2023 Microsoft walianza kuzuia kwenye Xbox vifaa visivyoidhinishwa, na baadhi ya wachezaji wenye ulemavu waliokuwa wakitegemea adapta walijikuta nje ya mchezo kwa sasisho moja la programu. Adapta inayofanya kazi leo inaweza kukataa kesho, kwa hiyo usijenge mpango mzima juu yake kama ipo njia ya moja kwa moja. Wenye Nintendo Switch wanaohitaji swichi nyingi za nje waiangalie pia Flex ya kampuni ya Hori, iliyoidhinishwa na Nintendo na kutolewa Japani mwaka 2020, yenye matundu 18 na USB mbili, ingawa bei yake iko juu ya hizi za Microsoft na Sony.

Matundu na swichi za nje

Xbox Adaptive Controller ina tundu moja kwa karibu kila amri ya padi. Access ina matundu manne tu, lakini inaruhusu Access mbili na DualSense moja, padi ya kawaida ya PS5, zifanye kazi kama kidhibiti kimoja, hivyo mtu anaweza kushika DualSense kwa mkono mzima na kuweka Access kwa ajili ya mkono mwingine au mguu. Lite SE haina tundu lolote la swichi. Kama vitufe vyake havikufai, hakuna cha kuongeza. QuadStick nayo kazi zake kuu hutegemea mdomo, pumzi na sauti.

Matundu haya yanastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama kifaa kitakuwa cha bei ya ajabu au cha bei inayobebeka. Swichi maalumu za kiwandani huuzwa moja moja kwa makumi ya dola. Lakini kinachopita katika tundu lile ni jambo dogo sana: nyaya mbili zikigusana, mashine inasoma kwamba kitufe kimebonyezwa, na zikiachana inasoma kimeachiwa. Hakuna kingine.

Sisi tulimpelekea fundi wa simu wa mtaani hedifoni iliyokufa na kitufe cha kengele ya mlango tulichonunua duka la vifaa vya umeme. Alikata waya wa hedifoni karibu na sikio, akachagua waya unaotoka kwenye ncha ya pini na ule unaotoka kwenye shina lake. Nyaya za hedifoni zimepakwa vanishi nyembamba usiyoiona kwa macho, kwa hiyo alizichoma kidogo kwa kiberiti mpaka shaba ikang'aa, ndipo akazilehemu kwenye vyuma viwili vya kitufe cha kengele. Tulikibandika kwenye kipande cha ubao, tukakifunga pembeni mwa goti la kushoto la mpwa wangu na kuchomeka pini. Nikanyoosha mkono kulisukuma goti lake ili nimwonyeshe. "Mjomba, usinisaidie, ngoja," akasema. Akalisogeza mwenyewe, na mchezaji kwenye kioo akapiga shuti.

Atakayejaribu azingatie mambo mawili. Tumia hedifoni isiyo na maikrofoni, yenye mistari miwili au mmoja kwenye pini, maana ile ya mistari mitatu haikai sawasawa katika matundu haya. Na kitufe kiwe cha kurudi chenyewe, kama cha kengele. Mara ya kwanza sisi tulitumia swichi ya taa, nayo ikibonyezwa hubaki imewashwa mpaka ibonyezwe tena, na mtoto akadhani kosa ni la goti lake. Nilimwomba radhi.

Asiyetaka kazi ya fundi anaweza kununua seti ya Logitech G iliyotolewa Novemba 2019 kwa dola 99.99 kwa ajili ya kifaa hiki cha Microsoft. Ina swichi 12 za ukubwa na uzito tofauti, pamoja na mbao zenye utepe wa kunata za kuzipangia. Kwa bei ya swichi moja moja, hiyo ni nafuu kubwa.

Pa kuwekea

Xbox Adaptive Controller ina matundu ya skrubu chini yake ya kuifunga kwenye mkono wa chuma wa kitimwendo au stendi, na Access vilevile hufungika. QuadStick haina njia nyingine: lazima ishikiliwe na mkono imara mbele ya mdomo, na ikishuka kwa sentimita mbili tu mchezaji hawezi kuifikia wala kuirudisha mwenyewe. Lite SE ina mpira chini yake wa kuizuia kuteleza, na hiyo inatosha kwa wengi wanaoihitaji.

Mikono ya chuma ya kununuliwa ni ghali. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi huzuia karibu kila kitu kisiteleze juu ya meza, na seremala anaweza kukata ubao wa kulala juu ya mikono ya kitimwendo ukabandikwa utepe wa kunata, ili swichi zihamishwe kila mkao unapobadilika. Kwa QuadStick pekee nisingejaribu kubana matumizi kwenye stendi.

Gharama yote

Bei ya kifaa si bei ya kucheza. Xbox Adaptive Controller kwa dola 99.99, ukiongeza kijiti ambacho Microsoft walikitoa mwaka 2025 kwa dola 29.99 na seti ya Logitech, inafika karibu dola 230. Ukitumia padi ya kawaida ya Xbox kama chanzo cha vijiti, kwa ule utaratibu wa padi mbili kuwa moja, na swichi za fundi, unabaki karibu na bei ya ubao peke yake. Access moja inaweza kujitosheleza kwa gemu za kijiti kimoja. Kwa gemu zinazotaka vijiti viwili, wengi huishia kununua ya pili, na hapo ni karibu dola 180 kabla ya PS5 yenyewe. QuadStick hugharimu mamia ya dola, ukiacha stendi. Lite SE ndiyo ya chini kuliko zote.

Bei hizo ni za Marekani wakati wa kutolewa. Anayeagiza huku kwetu aongeze usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda. Agiza swichi na kidhibiti katika mzigo mmoja. Mimi niliwahi kuuziwa swichi zenye pini isiyoingia katika matundu yangu, na gharama ya kuzirudisha ingezidi bei yake.

Kupanga na kurekebisha

Lite SE unaiunganisha na kuanza kucheza. Xbox Adaptive Controller hupangwa kwa programu ya Xbox Accessories kwenye Xbox au Windows, na hubeba mipangilio mitatu inayobadilishwa kwa kitufe kimoja. Access hupangwa kwenye kioo cha PS5 kwa picha zinazoeleweka hata kwa asiyezoea mambo haya, nayo mashine huhifadhi mipangilio hadi 30, mitatu ikikaa ndani ya kidhibiti. QuadStick ndiyo ngumu kupanga: kila gemu ina jedwali lake la amri, na anayeisimamia awe mtu asiyeogopa kukaa na kompyuta. Mpeni kazi hiyo kijana mmoja wa nyumbani, na awe ni yule atakayekuwepo mwakani.

Kwa hali yako

Kama mchezaji ana mwendo mpana usio sahihi, au viungo vyake vinavyofanya kazi viko mbalimbali mwilini, na kuna kompyuta ya Windows au Xbox, anza na Xbox Adaptive Controller pamoja na padi ya kawaida na swichi mbili za kengele. Ongeza nyingine moja moja, kila moja baada ya ile ya kwanza kuzoeleka.

Kama PS5 ipo tayari na mchezaji ana mkono mmoja unaofanya kazi vizuri kiasi, baada ya kiharusi kwa mfano, au mikono miwili isiyoweza kushika padi, Access itamfikisha haraka zaidi na kwa kazi ndogo ya kupanga. Ikiwa mkono mmoja ni mzima kabisa, jaribuni kwanza Access moja pamoja na DualSense mliyo nayo kabla ya kununua Access ya pili.

Kama vidole ni sahihi lakini nguvu ni ndogo, na simu ya Android au Switch ndiyo iliyopo, Lite SE inafaa. Kwa ugonjwa unaoendelea kudhoofisha misuli, inunue ukijua kwamba huenda baada ya miaka kadhaa mkahamia kwenye kifaa chenye matundu.

Kama mikono na miguu haitumiki kabisa, lakini midomo na shingo vinatii, QuadStick inastahili gharama yake, mradi stendi iwe imara na awepo mtu wa kuisafisha sehemu ya mdomoni kila baada ya kucheza. Kama midomo haitii lakini kichwa kinaweza kuegemea upande, rudini kwenye Xbox Adaptive Controller na swichi za kando ya shavu, mkianza na gemu za amri moja au mbili.

Na kama bado hamjui ni mwendo upi wa kutegemea, msiagize chochote mwezi huu. Mkalisheni kitini, washeni muziki anaoupenda, na mtazame ni sehemu gani ya mwili wake inayousogelea bila kuambiwa.